MTEJA NA MGENI: NAFASI YA CHAKULA KATIKA VITABU VYA KUFUNDISHIA KISWAHILI, KWA MFANO WA MJI WA KALE WA MOMBASA

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja ambalo kwa kawaida hupitwa haraka katika uhakiki wa vitabu vya kuwafundishia wageni Kiswahili, nalo ni jinsi vitabu hivyo vinavyokishughulikia chakula. Huenda mada hii ikaonekana nyepesi mbele ya ngeli, nyakati na viambishi. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha yoyote hula kila siku na watu wenye lugha hiyo, na mara nyingi mazungumzo yake ya kwanza ya kweli, yasiyo ya darasani, huwa ni ya chakula. Hapana budi basi kuuliza: vitabu vyetu vinamweka wapi mwanafunzi huyu wakati chakula kinapoletwa?

Hoja yetu ni kwamba vitabu vingi vimemfanya kuwa mteja wa lugha, yaani mtu anayeagiza na kulipa, badala ya kumfanya mgeni, yaani mtu anayekaribishwa na ambaye kwa kukaribishwa huko amebeba wajibu. Tofauti baina ya wawili hao si ya adabu peke yake. Ni tofauti ya sarufi pia, kama tutakavyojaribu kuonyesha.

2. Vitabu vilivyotutangulia

Mombasa ina nafasi ya pekee katika historia ya ufundishaji wa Kiswahili. Ludwig Krapf alifika hapa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa London mwaka 1882 baada ya kufariki kwake, imeegemea sana lahaja ya Kimvita. Edward Steere naye alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa kufuata Kiunguja. W. E. Taylor, aliyejifunza lugha kwa kukaa na wenyeji wa Mombasa, alichapisha mkusanyo wake wa methali mwaka 1891. Kisha, katika mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika Mombasa yenyewe, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, kamusi ya Johnson ikatoka mwaka 1939, na sarufi ya E. O. Ashton mwaka 1944.

Hatuna nia ya kulifufua shauri la mwaka 1928. Tunalotaka kulitaja ni kwamba kazi hizi za mwanzo, pamoja na upungufu wake, ziliandikwa na watu waliosikiliza. Taylor, kwa mfano, alizitambua sauti zenye mpumuo ambazo hati ya Kilatini tunayoitumia leo haizionyeshi. Mwenyeji wa Mji wa Kale hulitamka kaa la moto, lililo katika seredani, bila mpumuo. Kaa wa baharini humtamka kwa mpumuo. Vivyo hivyo tembo la mnazi si sawa na tembo wa porini. Mtu aliyejifunza kwa kitabu peke yake huziona jozi hizi kuwa maneno yanayofanana tu. Aliyekaa karibu na seredani wakati kaa wanapikwa, huzisikia.

Sambamba na kazi hizo palikuwapo vitabu vya aina nyingine. Kitabu cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936 kinataja waziwazi katika jina lake watu waliokusudiwa: askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Hapo ndipo tunapomwona mteja wetu katika umbo lake la kwanza. Katika nyumba ya mlowezi jikoni palikuwa mahali pa Kiswahili, lakini Kiswahili chenyewe kilikuwa cha amri: lete, ondoa, pika, osha. Aliyesema hakupika, na aliyepika hakuulizwa. Lugha yenye kauli nyingi za kitenzi ikapunguzwa ikawa kauli moja.

Ni dhahiri kwamba vitabu vya baada ya uhuru vimeiacha lugha ya bwana na mtumishi. Lakini mara nyingi bwana ameondoka na kiti chake kikakaliwa na mtalii. Somo la chakula huwa ni mazungumzo ya hotelini: mgeni anaketi, anataka chai, anauliza bei, analipa na kuondoka. Mwishoni huongezwa orodha ya vyakula na, pengine, aya mbili za “utamaduni”. Sarufi iko juu, utamaduni uko chini kama achari pembeni mwa sahani. Tunaona kwamba mgawanyo huu ndio kosa lenyewe.

3. Sarufi iliyomo jikoni

Na tuchukue shughuli moja tu, kupika kwa nazi, tuone ina nini ndani yake.

La kwanza ni upatanisho. Kifaa cha kukunia nazi huitwa mbuzi. Mnyama naye ni mbuzi. Mpishi husema, “Mbuzi hii haina meno makali,” na mchungaji husema, “Mbuzi huyu hana meno.” Sijui ni zoezi gani la kubuniwa linaloweza kumweleza mwanafunzi kwa ufupi zaidi kwamba upatanisho hutazama uhai wa kitu, wala si umbo la neno peke yake.

La pili ni kauli ya kutendua. Vitabu hutoa mifano ya funga na fungua, kunja na kunjua. Jikoni pana funika na funua, na zaidi ya hayo pana pakua. Chakula kilichoiva hupakuliwa, kama vile shehena inavyopakuliwa chomboni katika Bandari ya Kale, hatua chache kutoka nyumba hizo hizo. Mwanafunzi aliyejifunza pakia na pakua kwa habari ya mizigo, kisha akasikia “nipakulie wali”, amepata mambo mawili kwa pamoja: kauli ya kutendua na ya kutendea katika neno moja, na picha ya mji wa mabaharia ambao hata chungu chao hukishusha kama jahazi.

La tatu ni nyakati. Kiambishi hu- huelezwa kuwa ni cha mazoea, na mwanafunzi hupewa sentensi kuhusu mtu anayekwenda kazini kila siku. Lakini maelezo ya mapishi ndiyo makao ya asili ya kiambishi hiki: nazi huvunjwa, ikakunwa, ikatiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza, liitwalo pia kasimile, likawekwa kando, tui la pili likatangulia chunguni. Hapa hu- imeongoza na -ka- imefuata, kauli ya kutendwa imekwenda sambamba nazo, na ngeli mbili zimepatana bila mwalimu kuandika jedwali.

La nne ni msamiati wenye mpangilio. Tunda la mnazi hubadilika jina kadiri linavyokua: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nafaka nayo ni mpunga shambani, mchele kikapuni, wali sahanini, na ukoko chini ya chungu. Hizi si orodha za kukariri. Ni maarifa juu ya vitu, na lugha imeyahifadhi kwa kuyapa majina.

4. Mfano wa Kithai

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake, na kulitazama kwa lugha ya mbali hutusaidia kuliona vizuri. Katika Kithai, neno khao linaweza kutaja mpunga, mchele na wali, na maneno mengine huongezwa ili kubainisha. Kula chakula ni kin khao, yaani kula wali, hata kama sahanini hamna wali. Na watu huulizana kama wameshakula kwa namna ya kujuliana hali. Vyakula vinavyoliwa pamoja na wali huitwa kap khao, maana yake “pamoja na wali”. Msomaji wa Mombasa atalitambua wazo hilo mara moja, kwani ndilo wazo la kitoweo: kitu kisichosimama peke yake, bali cha kutowelea.

Aidha, lahani hubadili maana. Khao kwa sauti ya kushuka ni wali. Kwa sauti ya kupanda ni -eupe. Tena kitenzi cha kula hubadilika kwa kumwangalia mlaji: kin ni la kawaida, rap-prathan ni la heshima, chan ni la watawa wa Kibudha, na sawoei ni la mfalme. Mtu hawezi kufundishwa maneno hayo kwanza na utamaduni baadaye, kwa sababu neno lenyewe halina maana timilifu mpaka ijulikane ni nani anayekula. Mwalimu wa Kithai hulazimishwa na lugha yake kumkalisha mwanafunzi mkekani. Mwalimu wa Kiswahili halazimishwi, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kwake kusahau.

5. Wajibu wa mgeni

Kiswahili hakina kitenzi cha pekee cha mfalme anapokula, lakini adabu yake imo katika mazungumzo. Anayekula hupaswa kumkaribisha anayepita, na anayepita hupaswa kujua kwamba “karibu” hiyo si lazima iwe mwaliko wa kuketi. “Starehe” au “ahsante, nimeshakula” ni jibu kamili. Kitabu kinachofasiri “karibu” kwa neno moja tu la kigeni humwacha mwanafunzi njia panda. Kadhalika katika mwezi wa Ramadhani, asiyejua tofauti ya futari na daku hajui saa ngapi mji umeamka.

Mji wenyewe husomeka kwa njia hiyo. Ndia Kuu huandikwa kwa d, na mwanafunzi wa Kiswahili sanifu, anayeijua “njia”, hapo hukutana na Kimvita kwa macho yake. Kibokoni jioni atakuta viazi vya karai, bajia na mishakiki. Asubuhi atakuta mahamri kwa mbaazi za nazi, na akiuliza atajua kwamba mahamri na hamira ni maneno ya ukoo mmoja, yenye asili ya Kiarabu. Biriani na pilau zitampeleka Uajemi na Bara Hindi. Meza zinapoandikiwa zitampeleka Ureno, kwa wale waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Hapa hapana “utamaduni” mmoja uliotulia wa kutiwa katika aya mbili.

Yuko atakayepinga kwamba jiko la nyumba ya Mji wa Kale ni faragha ya wanawake, na mwanafunzi mgeni, hasa mwanamume, hana njia ya kuingia. Pingamizi hili lina uzito, na heshima hiyo lazima ilindwe. Lakini linathibitisha hoja yetu. Kwa kuwa jiko halikuingilika, waandishi wa vitabu, wengi wao wanaume, walipita mlangoni wakadhani ndani hamna lugha. Wanaolijua kwa undani ni wanawake, na wao ndio wanaopaswa kuandika sura hizo, wala si kuhojiwa tu na kusahauliwa katika dibaji.

6. Kielelezo kilichopo

Si kweli kwamba hatuna mfano wa kuiga. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2017, alichapisha utenzi wa Umbuji wa Mnazi mwaka 1985. Humo mnazi umeelezwa kwa ukuaji wake, sehemu zake na matumizi yake. Kama kazi ya fasihi, utenzi huo unaweza kulaumiwa kwa kutanguliza habari mbele ya hisia. Kama kazi ya lugha, ni hazina, kwa kuwa maneno yamo ndani ya shughuli zake. Ugumu wake kwa mwanafunzi ni lahaja na bahari ya shairi. Unahitaji mwalimu wa kuusoma pamoja naye, na nazi ya kuvunjwa mbele yao.

7. Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, sura ya chakula iondolewe mwishoni mwa kitabu, na shughuli za jikoni zitumike kufundishia upatanisho, kauli na nyakati tangu mwanzo. Pili, mazungumzo ya hotelini yasifutwe, maana mwanafunzi atakula hotelini pia, bali yafuatwe na mazungumzo ya nyumbani, ambamo halipi bali anashukuru, anakataa kwa adabu, anasifu na anasaidia.

Jambo hili lina haraka yake. Siku hizi tui hununuliwa dukani katika pakiti, na ni haki ya mpishi kupunguza kazi yake. Lakini mbuzi na kifumbu vikitoka jikoni, maneno yake yatabaki na vitabu peke yake. Na kama vitabu vyetu vimeandikwa kwa ajili ya mteja, hayatakuwamo, kwa sababu mteja hakuwahi kuyahitaji.