Dalali wa Kahawa na Nyati wa Saidjah

Ndugu msomaji, wako wengi mitaani mwetu ambao mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi, basi huchukua buni kwa tajiri wakaiuza kwa ujira wa udalali. Hapana aibu katika hilo. Wanavyuoni wakubwa kama Ibn Sirin na Ataa hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Lakini kiko kitabu ambacho yafaa akisome kila mwenye kula kamisheni ya kahawa.

Kitabu hicho ni Max Havelaar, kilichotoka Uholanzi mwaka 1860. Mtungaji wake, Eduard Douwes Dekker, aliyejiita Multatuli, alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiholanzi huko Lebak, kisiwani Java, akajiuzulu mwaka 1856 baada ya wakubwa wake kuyapuuza mashtaka yake juu ya dhuluma. Tangu mwaka 1830 Wajava, ambao wengi wao ni Waislamu, walilazimishwa kuilimia serikali kahawa na mazao mengine. Maofisa wa Kiholanzi na machifu wa Kijava walipewa fungu lao, na mazao yakizidi, fungu huzidi.

Kitabuni yumo Droogstoppel, dalali wa kahawa mjini Amsterdam. Huyu si mwizi. Hesabu zake ni sawa, na dini yake aijua. Dhiki za Java tu ndizo asizotaka kuzisikia, maadamu mnada wenda vyema. Na huko Java baba yake Saidjah anyang'anywa nyati wa kulimia na mkubwa wa wilaya, mmoja baada ya mwengine.

Kitabu kina kasoro. Wajava humo huonewa huruma kuliko wanavyosikilizwa. Tena mtungaji amemfanya dalali kuwa kichekesho mno. Nasi tukishamcheka, twajiona kuwa si yeye.

Mwaka 1988 Waholanzi walilifanya jina la kitabu hiki kuwa alama ya kahawa inayonunuliwa kwa wakulima wadogo kwa bei ya uadilifu. Swali alilolikimbia Droogstoppel likabandikwa juu ya pakiti.

Basi ewe ndugu unayeuza buni ya mwenzio, pishi yako naijue haki, na ulimi wako usifiche aibu ya mali. Lakini usikome hapo. Uliza pia: aliyeichuma amelipwa?

Wabillahi tawfiq.