Mkalimani Barafuni: Tahakiki ya "One Day in the Life of Noah Piugattuk"

Filamu hii ya Zacharias Kunuk, iliyotoka mwaka 2019, ina tukio moja tu kubwa, nalo ni mazungumzo. Mwaka 1961, katika Kisiwa cha Baffin kaskazini mwa Kanada, mwindaji mzee wa Kiinuit anakutana barafuni na ofisa wa serikali. Ofisa anamtaka aache kambi ya wazee wake, ahamie makazi mapya, watoto wapelekwe shule. Mzee anakataa. Chai inanywewa, na yale yale yanarudiwa.

Atakayelalamika kwamba filamu inakokota atakuwa ameikosa. Uzito wake umo katika kukokota huko. Kila neno husemwa mara mbili, na katikati yuko mkalimani ambaye hupunguza, hulainisha, na pengine hunyamaza. Mtazamaji, kwa msaada wa maandishi yaliyo chini ya picha, hukiona kinachopotea, wahusika hawakioni.

Msomaji wa Sigowet hahitaji theluji ili kuielewa hali hiyo. Mwaka 1934 Serikali ya Kikoloni ya Kenya ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa Kipsigis uliotoa orkoiik, viongozi wa kiibada. Walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, wakazuiliwa huko hadi 1962, ilhali Kericho mashamba ya chai yakizidi kutanuka. Ukilinganisha, udhaifu wa filamu hujitokeza. Ofisa wa Kunuk, aliyeigizwa na Kim Bodnia, hubembeleza, na mara nyingine huchekesha. Kweli, amri imejificha nyuma ya maneno yake. Lakini Watalai hawakubembelezwa na mtu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili lipo jambo chungu zaidi. Katika mabaraza ya wakoloni huku bara, lugha ya mkalimani mara nyingi ilikuwa Kiswahili hiki hiki: amri ilitoka katika Kiingereza, ikapita katika Kiswahili, ikafika kwa wazee katika lugha yao. Wahakiki hupenda kukisifu Kiswahili kwa kuwaunganisha watu. Ni nadra kuulizwa kilibeba nini siku hizo. Kunuk hakumfanya mkalimani wake kuwa msaliti, na hapo amefanya vyema. Atakayetunga tamthilia ya Gwassi itambidi ampe mkalimani jina, na labda shemeji miongoni mwa wanaohamishwa.