Kugandisha, Kunasa au Kushikiza? Istilahi za Hamira Katika Uchachushaji

Miongoni mwa istilahi za bayoteknolojia zinazohitaji uangalifu ni ile ya kuzizuia seli za hamira mahali pamoja, ili zichachushe bila kuchukuliwa na kimiminika na ziweze kutumika tena. Neno linalomjia mfasiri upesi ni "kugandisha". Kwa maoni yetu neno hili halifai, wala kasoro yake si ndogo.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Hamira huchanganywa na maji ya aljinati, dutu itokayo katika mwani wa kahawia, kisha mchanganyiko hudondoshwa tone kwa tone katika maji ya kloridi ya kalisi. Kila tone hugeuka punje laini. Kilichoganda hapo ni aljinati. Hamira iliyomo ndani ni hai, hula sukari na kutoa alkoholi. Msomaji wa Mwanza, mji ambao minofu ya sangara hugandishwa viwandani, akikuta "hamira iliyogandishwa" atafikiri habari za barafu. Akizitia punje hizo katika jokofu la kugandishia, ameiharibu kazi kwa kulitii neno.

Kuna wanaoweza kupendekeza "kunasa". Neno hili lina nguvu. Mvuvi wa dagaa ziwani ajua kwamba wavu humzuia dagaa na kuyaachia maji. Vivyo hivyo punje huzuia seli, na sukari hupita. Lakini seli huweza pia kunata juu ya vipande vya mti au makapi ya miwa, pasipo wavu wowote. Watengenezaji wa siki wa Ujerumani walitumia bakteria walionata juu ya randa za mbao tangu miaka ya 1820. Kuziita njia zote mbili "kunasa" ni kuficha tofauti ambayo fundi lazima aijue.

Twapendekeza basi "kushikiza" liwe neno la jumla. Chini yake "kunasa" kwa njia ya punje, na "kunatisha" kwa njia ya juu ya kitu kigumu. Kitu hicho kiitwe "kishikizo".

Limebaki neno "chachu". Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, maji ya ndizi hutiwa unga wa mtama ili yawe rubisi. Mtama huleta hamira za porini pamoja na bakteria. Mchanganyiko huo wastahili kuitwa chachu. "Hamira" ibaki kwa kuvu peke yake. Atakayesema hamira ni ya mkate akumbuke kuwa hamira ya mkate na ya bia nyingi ni spishi moja, Saccharomyces cerevisiae.

Japani ilianza kutumia seli zilizoshikizwa viwandani mwaka 1973. Baraza letu, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifisha. Lakini kabla ya kupiga muhuri, hapana budi maneno haya yapelekwe kwanza kwa mafundi wa maabara na wapika pombe, wayapime kwa kazi.