Mdai Asiyesikia

Ndugu msomaji, mwaka jana mpwa wangu aliyeolewa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, aliuguliwa na mtoto. Sisi wa pwani tukachanga, tukampelekea shilingi 40,000 kwa simu apate kwenda hospitali. Fedha hazikukaa hata dakika moja. Zilikatwa 31,000 papo hapo, kwa kuwa alikuwa amekopa kwa simu hiyo hiyo kununua mbegu za alizeti. Akapiga simu kuomba muhula wa siku tatu tu. Alijibiwa kwa adabu: "Pole dada, si sisi, mfumo unakata wenyewe."

Neno hilo ndilo ninalotaka tulipime leo.

Sikatai kazi ya mitambo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hatuna haja tena ya kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya noti. Hiyo ni neema, wala tusiikanushe. Lakini juu ya njia ya kupelekea fedha ikajengwa njia ya kukopesha. Huko Kenya, Fuliza ilianza Januari 2019: ukipungukiwa hukujazia, na fedha yoyote itakayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni, bila ya kuulizwa imeletwa na nani wala kwa shida gani. Tanzania nako mikopo ya namna hii ipo. Mas'ala ya ada na riba yana mahali pake. Leo nasema juu ya huyu mdai mwenyewe.

Fungua Suratul Baqara utazame jinsi deni lilivyowekewa watu: mwandishi muadilifu, mashahidi, na mdaiwa mwenyewe ndiye alitamkaye deni lake lipate kuandikwa. Na mdaiwa aliye katika dhiki tumeamrishwa tumngoje mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi. Basi nambie, ndugu yangu, amri hii itatekelezwa na nani ikiwa mdai hana sikio? Mfumo wajua kuhesabu, dhiki hauijui.

Wala wenye mfumo wasijifiche nyuma yake. Mafakihi wetu walikwisha kuandika zamani kwamba mtu akichimba kisima katika njia ya watu pasipo haki, na mpita njia akatumbukia, mchimbaji ndiye mwenye kulipa, hata akiwa amelala nyumbani kwake siku hiyo. Vivyo hivyo, aliyeupanga mfumo ukate pasipo mtu, yeye ndiye aliyekata. Hatutaki uvunjwe. Twataka nyuma yake awepo mwanadamu mwenye mamlaka ya kusema "ngojeni".

Nasi pia tusijitakase. Masharti yale tuliyakubali kwa kidole, hatukuyasoma. Kwa hiyo, kabla hujapeleka fedha za matibabu, muulize jamaa yako kama laini yake ina deni. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimtangaze. Zipitishe kwa laini ya mtu muaminifu aliye karibu naye. Na siku akihitaji kukopa tena, mkopeshe wewe ukiwa na uwezo, kwani wewe akikwambia mtoto anaumwa, utasikia.