Sindano Moja kwa Kundi Zima?

Mlioangalia onyesho lile la uhimilishaji wa kondoo mnajua kazi iliharibika Jumatatu saa 2 asubuhi, mbegu hazijafika hata getini. Kila jike alidungwa prostaglandini mara moja, bila mtu kuuliza yuko siku ya ngapi ya mzunguko. Jumatano saa 12 jioni wote wakatiwa mbegu. Huo si ulandanishi wa joto, ni bahati nasibu.

Glavu zilivaliwa, mbegu zilikuwa nzima, wanyama walishikwa vizuri. Tuendelee.

Prostaglandini inaua mwili wa njano kwenye ovari. Ukifa, projesteroni inashuka, kijifuko cha yai kinakomaa na kumwaga estrojeni, jike anaingia joto ndani ya siku mbili hivi, homoni ya LH inafumuka na yai linatoka. Hilo kila mwanafunzi wa mifugo analijua. Kinachosahaulika ni kwamba mwili wa njano mchanga, wa siku chache za kwanza, hausikii sindano hiyo. Mzunguko wa kondoo ni siku 17. Chukua majike 17, kila mmoja na siku yake: wachanga sindano imewapita bure. Wa katikati wameitika. Wa mwishoni, ambao mwili wa njano ulikuwa unakufa wenyewe, wanafuata ratiba yao na huenda joto limeisha kabla bomba la mbegu halijafika. Kuwahimilisha wote kwa saa ileile ni sawa na kuvuna kwa siku moja mahindi yaliyopandwa wiki tofauti.

Ushahidi mliuona kwa jike wa tatu. Uke mkavu, umepauka, hauna ute. Bomba lilipofika kwenye shingo ya kizazi likagoma, na mtaalamu akaanza kulisokota. Shingo ya kizazi ya kondoo ina mapete yaliyopishana, ni ngumu hata siku nzuri, ila jike mwenye joto husaidiwa na estrojeni: inalegea kidogo, ute unapatikana. Ukavu ule maana yake projesteroni ilikuwa bado juu. Pale pale kazi ilipaswa kusimama. Badala yake mbegu ikaachwa mlangoni, halafu kipaza sauti kikamlaumu kondoo mwekundu wa Kimaasai kwamba hasikii dawa! Nimelipinga hilo mpaka wino umekauka. Kila mpango ukifeli, mwenye kosa ni mnyama wa kienyeji, yule yule anayestahimili minyoo inayowamaliza wageni.

T. J. Robinson kule Sydney, miaka ya 1960, hakulikwepa suala la siku. Alitumia sponji yenye projestojeni, inayokaa ukeni siku 12 hadi 14. Sponji haijali jike yuko siku gani: miili yote ya njano inakufa kwa wakati wake huku joto likizuiwa, kisha sponji zinavutwa zote kwa pamoja. Na McCracken na wenzake, mwaka 1972, walionyesha kwamba prostaglandini ya mji wa mimba huvuka kutoka kwenye vena kuingia ateri ya ovari iliyojiviringisha juu yake. Wale waliifuata homoni mpaka kwenye mshipa. Wa siku hizi wanafuata karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, tena upande mmoja.

Kama sponji ni ghali, sindano ziwe mbili, zipishane siku 9 hadi 11. Ya pili inawakuta karibu wote wakiwa na mwili wa njano uliokomaa, na mbegu zinasubiri hiyo ya pili.

Nasikia sasa shamba lile la onyesho linataka kupiga sindano ya pili kwa kundi zima ili kuokoa jahazi. Msithubutu. Waliobahatika kushika mimba Jumatano wanategemea mwili wa njano, na sindano itawatoa mimba pamoja na hesabu yenu. Mwachieni dume aliyekatwa mirija, kifuani apakwe rangi, tangu siku ya 10 baada ya mbegu hadi ya 20. Atakayepakwa rangi mgongoni hana kitu, na huyo ndiye wa kuanza naye upya. Dume huyo nilimwomba tangu mwanzo, nikaambiwa ni mambo ya kizamani.