Mwanga Uliomtendea Haki Poitier

Julai 1967, mitaa ya Newark na Detroit iliteketea kwa moto wa hasira, wanajeshi wakapiga doria kati ya maduka yaliyoungua. Agosti mwaka huo huo watu wa New York, weusi kwa weupe, walikata tiketi wakaketi katika giza moja kutazama filamu ya "In the Heat of the Night".

Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia, anamhoji Endicott, tajiri wa mashamba ya pamba huko Mississippi, ndani ya banda la vioo lililojaa maua ya okidi. Swali linamchoma Endicott, anamzaba Tibbs kofi. Papo hapo Tibbs analirudisha. Sidney Poitier, aliyeigiza Tibbs, na Rod Steiger, waigizaji wakuu, walikuwa wakienda katika ukumbi wa Capitol kuwasikiliza watazamaji: weusi walishangilia, weupe wakavuta pumzi kwa mshangao.

Wengi hulisifu kofi. Mimi namsifu Haskell Wexler, mpiga picha wa filamu hiyo. Kwa miaka mingi taa za Hollywood zilipangwa kwa kipimo cha ngozi nyeupe. Mweusi akisimama chini yake, uso ulimeremeta kupita kiasi na hisia zikapotea ndani ya mng'ao. Wexler alipunguza ukali wa taa na kuzipanga upya kwa ajili ya ngozi ya Poitier. Tazama pale katika kituo cha polisi, Tibbs anaposhukiwa mauaji kwa sababu tu ni mweusi mwenye pesa mfukoni: hapazi sauti, lakini taya limekaza, na macho hayambanduki mkuu wa polisi. Hasira yote inasomeka.

Ndiyo maana kofi lile lilitikisa kumbi. Mkono ulipoinuka, watazamaji walikuwa wameshausoma moyo wa mwenye mkono.

Aprili 4, 1968, Martin Luther King aliuawa. Sherehe ya Oscar ikaahirishwa kwa siku mbili, na filamu hii ikatwaa tuzo 5, ikiwemo ya filamu bora. Upigaji picha wa Wexler haukuteuliwa hata kuwania. Sifa aliyostahili inadaiwa hadi leo, nayo inafaa kulipwa kwa kumwiga: taa zifuate uso wa mtu, uso usilazimishwe kufuata taa.