Ugonjwa wa Mlimani: Jina Moja, Maradhi Mawili

Mfasiri apewaye fomu ya kupimia afya ya watu waliohamia nyanda za juu sana hana budi kutafuta majina ya maradhi mawili. Aghalabu huandika "ugonjwa mkali wa mlimani" na "ugonjwa sugu wa mlimani". Vivumishi hivyo ni vya kawaida katika lugha ya tiba, lakini hapa vinapotosha.

Ugonjwa uitwao "mkali" humpata mgeni saa chache baada ya kupanda, hasa kupita mita 2,500. Kipimo cha Lake Louise, kilichorekebishwa mwaka 2018, hutoa alama kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Jumla ya alama 3 hadi 5 huhesabiwa kuwa hali hafifu. Basi mpimaji ataandika "ugonjwa mkali, hafifu"! Kinachokusudiwa ni upya wa maradhi, si ukali wake.

"Sugu" lina kasoro kubwa zaidi. Vimelea sugu ni vile visivyosikia dawa, na msomaji atadhani mgonjwa huyu naye hatibiki. Kumbe maradhi haya, aliyoyaeleza Carlos Monge Medrano nchini Peru mwaka 1925, hupoa mgonjwa ateremkapo, na hurudi apandapo tena. Huja baada ya ukaazi mrefu, damu inapozidi kuwa nzito: makubaliano ya Qinghai, yaliyochapishwa mwaka 2005, yanataja hemoglobini ya gramu 21 au zaidi kwa desilita kwa mwanamume, na 19 kwa mwanamke. Mchimba dhahabu wa La Rinconada, mji wa Peru ulio juu ya mita 5,000, akiandikiwa "sugu", huenda akaachwa huko huko na vidonge vyake, ilhali alistahili uhamisho. (Wako pia wasikiao katika "sugu" sifa ya mtu aliyekwisha kuzoea shida, hapo maana imepinduka kabisa.)

Tunapendekeza "maradhi ya kupanda" na "maradhi ya ukaazi wa juu". Neno "mlima" nalo liachwe: Lhasa, kwenye mita 3,650 hivi, ni mji wa bondeni, wala mhamiaji wa huko hahitaji kukwea kilele chochote ili augue. Aidha, tarehe ya kuwasili iulizwe mwanzoni mwa fomu, kwa kuwa maumivu ya kichwa yamo katika orodha zote mbili za dalili, na bila tarehe hiyo mpimaji hatajua ayaandike upande gani.